Faili la Baba

Kaka alinipigia simu sauti ikimtetemeka, na kaka yangu si mtu wa kutetemeka, ni mtu wa kubishana. "Njoo upesi. Masimulizi ya baba hayafunguki."

Kabla kiharusi hakijamnyang'anya kauli, baba alikuwa akimsimulia kaka maisha yake, naye akiyachapa kwenye kompyuta yangu kuukuu inayotumia mfumo wa Linux. Nakala ilikuwa hiyo moja tu. Nilikwisha kumwambia kaka aweke nyingine, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Baba alikuwa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, pale tunapomweka kila siku apate mwanga wa dirisha. Nilimsogeza kando, nikafungua faili. Programu ya kuandikia ikatokea, ikaganda, ikatoweka. Nikajaribu tena, vilevile.

"Ifute uiweke upya," kaka akasema.

"Gusa hiyo kibodi uone! Haraka haraka haina baraka."

Nilijaribu faili jingine, likafunguka bila taabu. Basi programu ni nzima, mgonjwa ni faili la baba. Hapo niliogopa hasa. Programu hupakuliwa upya, lakini maneno ya baba tungeyapakua wapi? Nikalinakili kwanza faili lile. Kisha nikaiwasha programu kwa dirisha la amri, ambako ikifa husema imeuawa na nini. Ikasema: mstari mmoja, mrefu kupita kiasi, mwisho wa faili.

"Umechapa nini huku mwisho?"

"Mimi? Sijaandika kitu tangu augue, haki ya Mungu. Huwa naliacha wazi tu ayaone maneno yake. Si kwamba anaelewa."

Jana mchana tulikuwa tumekaa hapohapo kupanga siku ya kumpeleka makao ya wazee. Kaka alisema hakuna haja ya kunong'ona, baba mwenyewe ni kama hayupo. Kisha tukaenda kula, tukamwacha pale hadi jioni.

Niliiamuru mashine inionyeshe mwanzo tu wa ule mstari.

nawasikia msinipelekeeeeeeeeeeeeeeee

Kidole kilichoshuka hakikuweza kuinuka tena. Programu, inayojihifadhia yenyewe kila kinachoandikwa, ilizipokea herufi hizo alasiri nzima mpaka ikaelemewa.

Kaka alisoma juu ya bega langu. Tuligeuka polepole, kama watoto walioitwa na mzazi wao huku wakijua walichofanya. Baba alikuwa akitutazama.

"Baba," kaka akasema, "umesikia yote?"

Mkono wa kushoto, ndio pekee uliobaki na uhai, ukaanza kutambaa mezani kuelekea kibodi. Kaka akarudi nyuma hadi ukutani. Mimi nilikivuta kiti cha baba karibu, nikafungua ukurasa mtupu, nikamshika kifundo cha mkono ili niuinue baada ya kila herufi. Sijawahi kuogopa neno kama nilivyoliogopa lile lililokuwa linakuja.