Kona ya Mwisho ya Filimbi

Alipostaafu urefa, Filimbi aliajiriwa na klabu kufundisha mipira ya kutenga. Watu walishangaa, lakini nani anamjua mwizi kuliko polisi? Miaka nenda rudi alikuwa akiuadhibu ujanja wa kwenye kona. Sasa akawa anaufundisha, tena kwa bidii.

"Beki, mshike kipa jezi kiunoni, upande asiouona refa. Mpira ukifika, mwachie."

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "si ndio hawa washika jezi uliokuwa ukiwalaani?"

"Kazi ni kazi, mama."

Taabu ni kwamba msimu ulikuwa ukingoni na kona zake hazijazaa hata bao. Kocha mkuu, mtu asiyejua kupaka maneno asali, alimwambia mbele ya wachezaji: "Mzee, leo kona isipoingia, kesho usijisumbue kuja."

Mechi ikafika dakika za nyongeza, bila kwa bila. Ikapatikana kona. Filimbi akasimama mbele ya benchi, roho mkononi. Beki akajipenyeza kwenye msongamano, akaikamata jezi ya kipa, kiunoni, upande uleule. Kazi safi kabisa! Mpira ukaja, kipa akaruka nusu, mshambuliaji akapiga kichwa, wavuni. Uwanja ukalipuka.

Benchi zima lilikuwa likikumbatiana, isipokuwa Filimbi. Yeye alisimama wima, mkono umenyooka, akiashiria faulo. Mazoea yana taabu. Alipogutuka na kuushusha, maji yalikuwa yameshamwagika: refa, aliyekwisha kuonyesha katikati kulikubali bao, alikuwa ametupa jicho benchini. Urefa alifundishwa na Filimbi mwenyewe, na mkono ule alizoea kuutii tangu akiwa mwanafunzi wake. Akapuliza, akalikataa bao.

"Mzee, wewe uko upande wa nani?" kocha mkuu akafoka.

"Kipa alishikwa."

"Na nani aliyefundisha ashikwe?"

"Mimi," alisema Filimbi. Uongo hakuuweza hata hapo.

Mkewe alikuwa ameiona mechi yote kwenye televisheni. Alimfungulia mlango, akalitazama begi la mazoezi alilolikumbatia na vitu vyake vyote ndani.

"Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza."

"Lakini ilikuwa faulo?"

Filimbi akanyoosha mgongo, mara ya kwanza msimu mzima.

"Faulo ya wazi, mama watoto," akasema, kwa furaha aliyoionea haya mwenyewe. "Hata kipofu angeipuliza."