Utepe wa Njano

Night alifeli, na kilichomfelisha ni kitabu ambacho hakupewa.

Kozi ya uuguzi msaidizi ilipoanza, Christabel, mwalimu wao kutoka Kisumu, aliwagawia maswali ya kupima kila mtu hujifunza kwa njia gani. Ukinunua simu mpya, unasoma kwanza maelezo au unabonyezabonyeza tu? Night akajibu anabonyeza. Angejibu nini tena? Simu za soko la Custom huuzwa bila boksi wala karatasi. Basi akabandikwa utepe wa njano: mtu wa mikono. Vitabu vikaenda kwa wenye utepe wa bluu, watu wa macho. Yeye akapewa mwanasesere wa kufunga bandeji, miezi mitano mizima.

Na alimwamini mwalimu wake. Kila Jumamosi Christabel alikuja nyumbani kwa Night, mtaa wa Gumbo, akasukwa nywele bure, kisha wakala sahani moja. "Wewe ni dada yangu," Christabel alikuwa akisema. Kliniki ya jirani ilishamwekea Night nafasi ya muuguzi msaidizi, mradi aje na cheti. Mtihani ukaja: kurasa nane za dozi na majina ya dawa, kalamu tu, hakuna bandeji hata moja.

Alipokwenda kuuliza, Christabel alikuwa ofisini akikunja mabango ya kozi. Hakumtazama usoni.

"Sikiza, Night. Hizo mambo za njia ya kujifunza, watu walifanya utafiti. Ukifundishwa kwa njia yako ama usifundishwe hivyo, matokeo ni yale yale."

"Wewe ulijua hii lini?"

"Kabla ya kozi. Lakini wafadhili walipenda hizo tepe."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

"Na wewe, mwalimu, ulisoma aje hii kazi?"

"Nilisoma vitabu," Christabel akasema polepole, "halafu nikaenda wodini. Kama kila mtu."

Night akaubandua utepe, akauacha mezani. Akachukua kitabu rafuni.

"Hicho ni cha kundi la bluu..." Christabel akaanza, kisha akarudia mabango yake.

"Jumamosi usikuje Gumbo," Night akamwambia. "Hiyo kichwa yako, tafutia mtu ingine wa mikono."

Akatoka na kitabu kifuani, akilia waziwazi njia nzima hadi kwenye daraja la kwenda Gumbo.