Breki za Mama Elsa

Gurudumu lilikataa kuingia. Abdias alilisukuma kwa goti, akalizungusha, akalisukuma tena, na kila mara jante, ile ringi yake, ilisikika ikisaga chuma cha breki mpya. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gereji yake pale Butembo, mikono kiunoni, nikijizuia nisipige teke gari wala fundi.

"Mama Elsa, haitaingia," akasema. "Hii étrier ya kubana disiki, ya pistons ine, ni kubwa. Jante yako ni ya inchi kumi na tano. Inaomba ya kumi na saba."

"Basi tafuta ya kumi na saba."

"Mu Butembo haiko. Nilishauliza fasi yote."

Ilikuwa Jumanne. Jumamosi binti yangu Elsa alikuwa anaolewa Beni, kwa watu wa mtaa wa Mulekera, na mimi nilikuwa nimeapa mbele ya ukoo mzima kwamba nitampeleka mwenyewe, kwa gari langu. Elsa alijibu mbele ya ukoo huohuo kwamba gari langu hapandi tena. Hakupandisha hata sauti. Angenifokea ingeniuma kidogo zaidi ya hapo, lakini ningejua la kumjibu.

Gari lenyewe ni la zamani, usukani uko kulia kama yote yanayotujia kupitia Kampala, na lina turbo. Miaka sita nimebeba nalo abiria kati ya Butembo na Beni, mwanamke peke yangu kwenye parking ya wanaume. Wao wakifika kilimani wanakohoa, mimi napita na kupiga honi. Heshima yangu yote pale parking ilitoka kwenye ile turbo. Lakini wiki tatu kabla ya siku hiyo ya gereji, kwenye mteremko ulio baada ya Maboya, gari halikusimama. Upande mmoja bonde, upande mwingine ukingo wa udongo. Nikachagua ukingo. Elsa alikuwa kando yangu, akapona na michubuko. Nyuma alikuwa wifi yangu Marie-Jeanne, dada wa mume wangu, akavunjika mkono. Na kwetu shangazi ndiye anayemtoa bibi arusi nyumbani, kwa hiyo sasa nilikuwa na wawili wa kuwapakia: mmoja hataki, mwingine ana plasta na anasema heri apande pikipiki.

Nikawaambia wote kwamba breki zilikufa. Watu wakanihurumia, kina mama wa kanisa wakaniombea.

Abdias peke yake hakunihurumia. Siku alipofungua magurudumu alinionyesha disiki zilivyogeuka bluu kwa moto, nyembamba mno kwa gari lenye mbio zile. Nikafurahi. Nikasema, unaona? Ndipo akaniuliza siku ile pedali ilikuwaje.

"Ngumu kama jiwe," nikajibu. "Nilikanyaga kwa miguu miwili."

Akafuta mikono polepole. "Mama Elsa, frein ikichomeka, pédale inakuwa laini, inazama mpaka chini. Pédale inakuwa ngumu kama moteur imezimwa. Ulizima moteur."

"Nani amekuambia?"

"Weye. Sasa hivi."

Nilimtukana, na sitayaandika hapa niliyoyasema, maana mimi ni mwimbaji wa kwaya. Lakini kweli ilikuwa hiyo. Kwetu madereva wengi tunafanya hivyo: ukifika kileleni unazima ufunguo, unaweka libre, gia isishike kitu, gari linateremka lenyewe kimyakimya, na mafuta yako yanabaki ndani ya tangi. Tunasema tunashuka na essence ya Mungu. Injini ikishazimwa, breki inakupa kukanyaga mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa ukuta. Tunalijua. Tunashuka hivyohivyo, na tukifika chini salama tunajiona wajanja.

"Nitilie frein kubwa kuliko zote," nikamwambia nilipomaliza kutukana. "Tafuta gari ingine ya mbio, toa yake, tia ku yangu."

"Nitatia. Mais hata nikutilie frein ya ndege, clé ikiwa off utakanyaga jiwe."

Nilikuwa na hesabu yangu kichwani: gari likisimama vizuri, nani atauliza habari za ufunguo? Abdias akapata breki za gari la mbio lililokufa huko Beni, disiki pana kama sahani ya ugali wa watu wanne. Na sasa zilikuwa kwenye gari langu, na magurudumu yangu hayawezi kuzifunika.

Jante za kumi na saba alikuwa nazo mtu mmoja tu, Sadrack, mnunuzi wa kakao wa Oicha, ambaye zamani alikuwa abiria wangu. Kwenda Oicha, mbele ya Beni, ambako waasi huvamia barabara, si safari ya kuamua kwa hasira, lakini mimi niliamua kwa hasira. Kabla sijaondoka nilimpigia simu, nikamuuliza anataka pesa ngapi.

"Makuta sitaki, mama," akasema. "Nataka ile musique yako."

Alimaanisha spika mbili kubwa za nyuma ya gari. Watu wa Beni walikuwa wanaacha magari mengine yaondoke ili wangoje langu, wasikie kwaya ikitikisa vioo. Niliwaza muda wa kumeza mate mara moja tu. Jumatano asubuhi Abdias alizing'oa, nikapanda gari la mwenzangu hadi Beni, na kutoka Mulekera nikachukua pikipiki, spika moja kwenye mapaja, nyingine imefungwa nyuma. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari aliniuliza, "Mama, fête iko wapi?" Nikamwambia sherehe iko Jumamosi, kama wataniacha nipite. Akacheka, akafungua.

Nilirudi na jante nne, zimefungwa nyuma ya pikipiki. Zinang'aa kama masufuria mapya, na hilo lilikuwa janga lingine, maana Alhamisi mtaa mzima ulijua. Mzee mmoja wa kanisa alinisimamisha njiani.

"Mama Elsa, na umri ile, ma-jante ya bijana? Juu ya arusi ya mutoto?"

"Ni juu ya frein, papa. Ndogo haziingie."

"Kila mutu anasemaka hivyo," akasema, akaenda zake.

Ijumaa saa nne asubuhi Abdias alimaliza. Matairi mapya, mafuta mapya ya breki, mipira mipya ya kupitisha mafuta hayo. Gurudumu likaingia, likazunguka bila kugusa kitu. Nikaenda peke yangu hadi Maboya, injini ikinguruma, nikateremka na kukanyaga, nikapanda, nikateremka tena. Kila nilipokanyaga gari lilishika barabara na kutulia. Pedali haizami wala haigomi, usukani haupepesuki. Nilipiga kelele za furaha mle ndani peke yangu, na mchuuzi wa ndizi kando ya barabara alidhani nimepagawa.

Nikaingia uani nikipiga honi. Kina mama walikuwa wanamenya viazi vya Musienene kwa ajili ya wageni. Elsa alitoka jikoni, akalizunguka gari, akainama, akatazama breki kati ya mikono ya jante.

"Ingia, tufanye tour moja," nikamwambia.

"Hapana, mama."

"Elsa! Disiki mpya, plakete mpya za kuzibana, jante mpya, musique nimeuza! Sasa unataka nini tena?"

Alinivuta kando, nyuma ya nyumba, ili watu wasisikie. Mtoto huyo ana adabu kuliko mimi.

"Mama, niliona frein ni mupya. Mais siku ile nilikuwa pembeni yako. Niliona mukono yako ku clé."

Nikautazama mkono wangu, ule uliozima ufunguo.

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa nangoja weye useme. Tantine anavunjika mukono, weye unasema ni frein. Ba mama banakuombea frein, weye unasema amina." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti haikutetemeka. "Mimi siogopi frein, mama. Niko naogopa ile amina."

Niliona haya. Nikataka kukasirika, kwa sababu hasira ndiyo ninayoijua, lakini haikuja. Nilimwona tu binti yangu, kesho anaondoka nyumbani kwangu, na kwa wiki tatu amekula mezani pangu akijua kwamba mama yake ni mwongo, na hakumwambia mtu hata mmoja.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye beseni la viazi. Nilirudi uani, nikasimama mbele ya Marie-Jeanne, aliyekuwa amekaa na plasta yake akisimamia kazi za wenzake, na nikasema kwa sauti ambayo wote wataisikia, "Mama Tantine, frein haikukufa. Nilizima moteur ku Maboya juu ya kuchunga essence. Ni mimi njo nilikuvunja mukono. Na nilidanganya."

Visu vikasimama. Marie-Jeanne aliinua plasta yake juu.

"Wiki tatu!" akasema. "Wiki tatu niko naombea frein yako! Nilifunga hata kula, Mama Elsa! Nilifunga kula juu ya frein yenye ilikuwa muzima!"

Mmoja akacheka, wengine wakafuata. Marie-Jeanne hakucheka. Alilia, akaniita majina mawili ya Kinande ambayo nilistahili, akataka nimlete maji, nikampa nikipiga magoti, akanywa yote. Nilibaki hapo chini, na hakuna aliyeniambia niinuke.

"Nitapanda," akasema mwisho. "Nitakaa nyuma yako. Na nikisikia moteur inanyamaza, hii plâtre nitakupiga nayo ku kichwa, hata kama tuko mbele ya pasta."

Elsa alikuwa mlangoni mwa jikoni. Alichukua kisu, akakaa kati ya kina mama, akaanza kumenya.

Jumamosi asubuhi alipanda mbele, kando yangu, na shela lake limejaa hadi kwenye usukani. Mikono ameifumbata mapajani, kidole gumba kinasugua kingine. Hatukuwa na muziki, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Tulipofika kileleni baada ya Maboya niliweka gia ya pili. Injini ikapiga kelele, gari likajizuia lenyewe, nami nikagusa breki kidogo kidogo. Wenzangu wa parking walitupita mmoja mmoja, magari yao kimya kabisa, wanapunga mikono.

"Mama Elsa!" mmoja akaita dirishani. "Essence itakuishia njiani!"

"Iishe!" nikamjibu.

Katikati ya mteremko, pale ukingoni ambapo bado kuna alama ya gari langu kwenye udongo, nilijikaza nimtazame Elsa. Sikujua nitamwona na uso gani. Alikuwa amelala. Mdomo wazi, kichwa kimeegemea kioo, na nywele zilizosukwa tangu alfajiri zinasagika kila tukipita shimo.

"Umuamushe," Marie-Jeanne akanong'ona nyuma yangu. "Anaharibu kichwa. Picha zitakuwa mubaya."

"Umuache," nikasema, na nikapunguza mwendo zaidi, ili asiamke kabla hatujafika chini.