Chai ya Mong'ina

Siku hiyo mjinga alikuwa Mwalimu Ogoti, na hadi leo ukimuuliza hakatai.

Miaka thelathini alifundisha Kiswahili Magwagwa, akilala hukohuko, akirudi Kebirigo Ijumaa kwa ajili ya Sabato, siku ambayo hakuna anayeshuka shambani. Alipostaafu, mkewe Mong'ina akafariki. Tangu hapo, miaka miwili, hakuna aliyeigusa chai yao, nayo ikamzidi mwalimu kimo. Jioni alisonga ugali, kila mara ukatoka wa watu wawili. Akila nusu yake, alishuka kusimama katikati ya mistari, asionekane na mtu. Vidole vya mwisho kuyachuma majani yale vilikuwa vya Mong'ina.

Asubuhi hiyo jirani yake Persis, aliyechuma chai na marehemu tangu wote wawili wakiwa mabibi harusi, alikuja na panga lililonolewa.

"Mwalimu, hii si chai tena, ni msitu. Nimekuja tuifufue."

Ogoti akakohoa kidogo, kama anayetafuta chaki. "Kufufua, mama Bosire, ni kukirudishia uhai kilichokufa. Unafufua maiti, ukiweza. Unafufua kiwanda kilichofungwa, au kesi iliyosahauliwa. Chai hii ni nzima, haifufuliwi."

"Inatoa majani?"

"Inatoa maua."

"Hayo maua utayatia kwenye birika?"

"Na hata ingekuwa imekufa," mwalimu akaendelea, somo lishamnogea, "hakuna anayefufuliwa kwa kukatwa magotini. Huko ni kuchinja."

Persis aliinama, akafyeka mche wa pembeni. Tawi likaanguka, Ogoti akalidaka kabla halijagusa udongo, akalikumbatia. Sauti ya darasani ikampotea yote.

"Iache, mama Bosire. Nimebaki na hii tu. Mong'ina angekuwepo, panga lisingeingia hapa. Asingekubali hata siku moja."

Persis akalifuta panga taratibu kwa upindo wa leso yake, akamgeuzia mpini.

"Kila mwaka wa nne tuliikata, mimi na yeye, hadi hapa," akasema, akijigusa goti. "Panga ni lake. Wewe ulikuwa Magwagwa, ukifundisha maana ya kufufua."