Magoti ya Malkia Aldonza

Hawisa alitandika mto mwembamba juu ya sakafu ya mawe, akaupigapiga kwa kiganja. "Jaribu tena, bibi yangu. Polepole, hilo tumbo lisikuangushe."

Malkia Aldonza alishika bega la yaya huyo, akapiga magoti huku akiguna. Mimba ilikuwa imekomaa. Kesho yake, mbele ya baraza lote la Winchester, angepaswa kupiga magoti hivyo hivyo na kulia. Wasaga unga watatu waliovunja kinu cha mfalme wangehukumiwa kunyongwa, yeye angewaombea, na mfalme angewasamehe. Yote yalikuwa yamepangwa. Mfalme alitaka kuwasamehe, ila akisamehe bila kuombwa, mabwana wake wa vita wangemcheka.

"Na Avelina?" Hawisa aliuliza.

Aldonza aliukaza mkono begani kwa Hawisa. Jumapili binti yake wa miaka saba angepandishwa merikebuni, akalelewe ng'ambo kwa wazazi wa mchumba wake. Malkia alikuwa amemsihi mfalme chumbani, akajibiwa kwamba mkataba umeshafungwa. Yeye mwenyewe aliletwa Uingereza akiwa mtoto, na wanawake aliokuja nao wakarudishwa kwao kabla theluji haijayeyuka. Mwaka mzima alisali kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa ila Mungu.

"Kesho mwombee mtoto badala ya hao wasaga unga," Hawisa alinong'ona. "Mbele za watu hawezi kukunyima."

"Na wale wanyongwe? Nitamtazamaje Mama wa Mungu usoni?"

Kesho yake aliwaombea wasaga unga, waliosimama na kamba shingoni, wake zao kando. Alilia, na machozi hayakuwa ya kuigiza. Mfalme alitamka msamaha, ukumbi ukalipuka kwa shangwe, naye akamnyooshea mkewe mkono.

Aldonza hakuushika.

"Inuka," mfalme alinong'ona. "Tumemaliza."

"Wewe ndiye uliyemaliza, bwana wangu."

"Watu wanatutazama!"

"Ndiyo maana siinuki."

Hakuna aliyeruhusiwa kuketi mezani malkia akiwa amepiga magoti, na harufu ya samaki aina ya mkunga waliookwa ilikuwa imeshajaa ukumbini. Bwana mmoja mzee akapaza sauti, "Jamani, malkia ameota mizizi! Tutakula lini?" Wengine wakacheka.

Aldonza alisubiri kicheko kiishe.

"Bwana wangu, umewarudishia wanawake hawa waume zao. Nirudishie na mimi binti yangu. Akue kwanza hapa. Akishakuwa mkubwa, ataondoka akijua anakokwenda."

Uso wa mfalme uliiva kwa hasira. Magoti yalimuuma Aldonza hadi kiunoni, na mtoto tumboni akapiga teke. Moyoni alisema, Bwana, nishike, maana mimi nimefika mwisho.

Ndipo mke wa msaga unga mmoja, mwanamke mwenye mikono mipana iliyojaa unga, akapiga magoti nyuma yake. Mumewe akafuata, kamba bado iko shingoni. Kisha wengine, mmoja mmoja, mpaka waliobaki wima ni mfalme na mabwana wake, na yule mzee hakucheka tena.

Mfalme aliwatazama watu wake. Akashusha pumzi.

"Hadi afike miaka kumi na miwili," alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Siongezi hata siku."

Aldonza aliupokea mkono wake.

Jioni Hawisa alimsugua magoti kwa mafuta ya bata bukini huku akimgombeza. "Mwanamke mjamzito na ukaidi namna hiyo! Ungezalia pale pale, je?"

"Ningezalia. Pale pale."

Avelina alichungulia mlangoni. "Mama, kwa hiyo siendi?"

"Hujaenda bado, mwanangu. Njoo tusali."

Mtoto alipiga magoti kando ya kitanda. Mama yake alijaribu kushuka naye, akashindwa, akabaki ameketi, mkono wake juu ya nywele za binti. Akasali hivyo hivyo, kwa lugha ya kwao, na Avelina akayafuatisha maneno.