Njaa Langoni kwa Dunlaith

Siku ya tatu Mama Sarnat, mkuu wa watawa, alikuwa bado amekaa langoni pa ngome ya wavamizi wa kaskazini, hajala wala hajanywa. Ketil, mkubwa wao, alikuwa akitafuna nyama mbele yake huku akicheka. Watawa tisa wa Mama walikuwa wamefungiwa zizini. Maji yakijaa jioni watapakiwa merikebuni, wakauzwe ng'ambo.

Dunlaith, mke wa Ketil, roho ilikuwa ikimuuma. Naye alikuwa mtoto wa Ireland, alitekwa angali msichana, na leo funguo zote za ngome, wa zizi ukiwemo, zilining'inia kiunoni pake. Mila aliijua tangu kwao: mtu akikudhulumu, unakaa mlangoni kwake bila kula. Naye akithubutu kula wewe una njaa, heshima yake imekwisha, si mtu tena. Lakini Ketil atayajulia wapi hayo? Ni kumpigia mbuzi gitaa tu.

Mchana Ketil na watu wake wote walipoteremka ufukweni kupaka merikebu lami, Dunlaith alitoka na mkate wa shayiri mkononi, anatafuna.

"Mama, unajiua bure. Mume wangu hajui mila zetu. Anadhani umerukwa na akili."

"Najua hajui."

"Sasa umemkalia wa nini?"

"Nani kakwambia nimemkalia yeye?" Sarnat akayatuliza macho kwenye zile funguo. "Lango hili lina wenyewe wawili, mwanangu. Mmoja anaijua mila."

Dunlaith akaacha kutafuna. Siku tatu amekula uji, amekula samaki, amekula siagi, mbele ya njaa iliyomkalia yeye! Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha hofu ikamwingia, maana Ketil hakuwa mtu wa kusamehe.

Akalitema tonge. Akakimbilia zizini, akafungua mlango. Watawa wakatoka mbio, wakapotelea kwenye matete.

"Nyanyuka, Mama, twende," Dunlaith akasema aliporudi langoni.

"Miguu imekataa. Nenda wewe."

Sauti za wanaume zilikuwa zikipanda kutoka ufukweni. Dunlaith alitazama matete, akamtazama Mama, akaketi kando yake.

"Haki yangu nimeipata," Sarnat akasema. "Sasa ruksa kula. Umenibakishia kipande?"

Dunlaith akaumega mkate nusu kwa nusu. Walikuwa bado wanatafuna Ketil alipofika langoni.