Samaki Asiye na Jicho

Wajukuu wangu hutegua vitendawili vyangu vyote, ila kimoja kimewashinda: samaki asiye na jicho wala mkia, na bado tulimtafuta saa nzima. Wakinidai jibu nawapa chapati za ngano nyeusi na siagi ya chumvi, wanasahau. Jibu lenyewe ni uongo wangu.

Mimi na mdogo wangu Soazig tulikuwa tukizama kuwinda samaki kwa bunduki ya mshale pale Porz Gwenn, ghuba iliyo chini ya nyumba yetu. Mvua ikinyesha, maji ya pale yanakuwa kama supu ya dengu. Ukinyoosha mkono huvioni vidole. Baba alitupa sheria mbili tu. Usifyatue kabla hujaona jicho na mkia. Na samaki ukishamjeruhi humwachi, unamtafuta mpaka umpate.

Asubuhi ile ya Oktoba Soazig alikuwa na mafua, na ukizama umeziba pua, maji ya kina huweza kukupasua sikio.

"Leo kaa juu ushike boya," nikamwambia.

"Nielee kama bata? Dada wewe, unataka sifa zote ziwe zako!"

Tukazama, kila mtu upande wake. Nikalala juu ya mchanga, pumzi nimeibana. Kivuli kirefu kikapita mbele yangu. Jicho sikuliona. Mkia sikuuona. Nikafyatua.

Nikasikia chuma kikigonga mwamba. Nilipoibuka, Soazig naye akaibuka hapo hapo karibu yangu, macho yamemtoka.

"Dada! Mshale umenipita hapa, puani! Umepiga nini?"

Kivuli kile kilikuwa yeye.

"Samaki," nikasema. "Mkubwa hivi! Jicho nimeliona, mkia nimeuona. Nimemchoma, amekimbia na damu yake."

Hofu ikamtoka, akacheka. "Kidogo niwe mchuzi mimi! Haya, tumtafute."

"Achana naye, baridi hii."

"Baba atatuchinja. Ana jeraha, hatumwachi."

Akazama. Akaibuka, akapenga kamasi, akazama tena, na tena. Mimi nami nikawa nazama, najifanya natafuta. Neno moja tu lingemtoa majini, nalo lilinikaa mdomoni kama jiwe. Mara ya mwisho aliibuka ameshika sikio la kushoto, damu inapita katikati ya vidole.

"Kuna kitu kimepasuka humu," akasema.

Sikio lile halikusikia tena, wala Soazig hakuzama tena, yeye aliyeipenda bahari kuliko mimi. Ni miaka arobaini na sita sasa.

Jumapili iliyopita alikuja kunywa kahawa. "Yule samaki wetu," akasema, kama anavyosema kila Oktoba, "unadhani alipona, maskini?"

Nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Nikasema polepole, "Hakukuwa na samaki, Soazig."

Akageuka, akanielekezea sikio la kulia huku anatabasamu.

"Rudia, dada. Sema upande huu."

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa anasubiri.

"Nimesema kahawa inapoa."